Ukoko wa Viazi vya Bibi

Jumapili iliyopita nilikaanga viazi. Si jambo la kuandika kwenye daftari, najua, lakini nilipokiweka kile kikaango cha chuma motoni na vitunguu vikaanza kuchachatika, nilijikuta nimesimama na mwiko mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake. Habari hii nimeianza mara kadhaa nikachana karatasi. Mimi shule niliishia darasa la saba, na sina hakika kama kila kitu nakikumbuka sawasawa. Pale nisipokuwa na hakika nitakuambia.

Nilikulia kwa bibi mzaa mama, hapa hapa Ifakara. Unalijua bonde letu: asubuhi kiporo cha wali, mchana wali, jioni wali na samaki wa mtoni. Viazi mviringo havikuwa vya kwetu. Vilishuka na mabasi kutoka huko kwenye baridi ya Njombe, vikiwa bado na udongo wao, na bibi alivinunua siku ya mgeni tu.

Ukoko wa wali, ule unaoganda chini ya sufuria, ulikuwa wa watoto. Tuliukwangua kwa vijiko mpaka sufuria inalia. Mgeni humpi ukoko, atadhani umemtukana. Lakini kwa viazi bibi aligeuza sheria: ukoko ndio ulikuwa wa mgeni, sisi tukabaki na vile laini vya pembeni. Hilo halikuniingia akilini hata siku moja. Sisemi kwamba ndiyo sababu ya nililokuja kulifanya. Nasema tu nilivyokuwa nawaza.

Alivichemsha na maganda yake, visiive sana, akavimenya na kuviacha kwenye ungo vipoe. Vitunguu vilitangulia kwenye mafuta, taratibu, mpaka jirani akohoe huko kwake. Akavitoa. Kisha alipanga vipande vya viazi chini, kimoja kimoja, safu moja. Juu yake akamwaga vilivyobaki pamoja na vitunguu, akakandamiza kwa mgongo wa upawa. Baada ya hapo, marufuku kugusa. "Ukivigusa vinakununia," alikuwa akisema. Alikaa kwenye kigoda akisikiliza. Mafuta yalianza na kelele nyingi, yakapungua, yakawa kama mvua inayohama kwenda Idete. Hapo ndipo alipoepua. Hakuchungulia kamwe. Alikuja kuona pamoja na mgeni, akipindua kikaango juu ya sahani, na ukoko ukatokea juu, mwekundu, unalia ukiuvunja.

Siku ninayoisema, mgeni alikuwa mama jirani, aliyewaongoza akina mama wa kigango. Askofu alikuwa anakuja kwa kipaimara. Tangu zamani bibi ndiye aliyesimamia masufuria ya sikukuu pale kanisani, na mama jirani alikuja kuzungumzia hilo. Bibi hakuwa na shamba kubwa, hakujua kusoma. Kwenye masufuria ndiko watu wazima walikomwuliza yeye tufanyeje. Kwa hiyo elewa alivyoitaka kazi ile.

Aliepua viazi, akaviweka kando ya mafiga vikiwa vimefunikwa, akaenda kuoga. Akaniambia, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, "Mke mwenza, angalia kuku wasiguse chakula cha mgeni."

Kuku hawakugusa. Nilifunua nionje kipande kimoja cha pembeni. Kisha cha pili. Kisha nikahamishia viazi laini vya juu kwenye kifuniko, nikala ile safu ya chini, yote, ikiniunguza ulimi, nikarudisha vile laini na kuvikandamiza kwa upawa kama nilivyomwona yeye. Nilikuwa na miaka tisa, labda kumi. Nilijua kabisa ninachofanya.

Mama jirani alifika na maneno yake. "Shikamoo mama! Harufu hii nimeifuata toka njiani. Wali wa Kilombero umekukosea nini, mpaka leo tunalishwa kama watu wa Njombe?"

"Marahaba. Kaa hapo, uache umbeya," bibi alimjibu akicheka. "Utasikia huo ukoko kabla hujauona."

Akapindua kikaango. Vikatoka vyeupe, vimelala kama ugali uliomwagika.

Bibi alipitisha kidole chini ya kikaango, akakitazama. Kisha akanigeukia, na sauti ikawa ndogo, sauti ya mtu anayeuliza njia. "Mjukuu wangu, nimeviepua mapema?"

Mikono yangu niliificha nyuma, ina mafuta. Nikasema, "Ndiyo, bibi. Uliviepua mapema."

"Hata hivi ni vitamu, mama," mama jirani akasema, na kwa haki nasema alivila vyote. Alipoaga alimshika bibi mkono. "Umri nao, mama. Mwaka huu pumzika."

Kwenye kipaimara masufuria yalisimamiwa na mama mwingine. Bibi alikaa na wazee chini ya turubai akichagua mawe kwenye mchele. Inawezekana walikuwa wameshaamua kabla ya siku ile, sijui. Inawezekana pia bibi alikuwa ameanza kusahau, maana aliwahi kuacha kitenge chake kwenye pampu ya maji siku nzima. Nimejishikiza sana kwenye kile kitenge. Lakini viazi vile alivipika sawasawa, na mimi peke yangu nilijua.

Tangu hapo hakuepua sufuria bila kuniita. "Njoo uonje, mimi sijiamini tena." Mchuzi wa samaki, maharage, hata uji. Nilionja, nikasema chumvi imetosha, akanishukuru. Miaka. Nilikuwa na nafasi ya kusema kila siku, asubuhi na jioni, kijiko kikiwa mdomoni.

Alipokuwa kitandani mara ya mwisho, aliagiza kikaango kiletwe. "Chukua wewe," akaniambia, "umekuwa ulimi wangu." Nikakipokea kwa mikono miwili, kama mtu mwenye adabu.

Jiko lake la udongo halipo, pamejengwa vyumba vya kupangisha. Mama jirani naye ametangulia. Siku hizi viazi vimejaa sokoni na chipsi zinauzwa kila kona, ukoko wa viazi hauna mgeni tena. Mimi ukoko wote huwaachia watoto wangu, nabaki na vile vyeupe. Wanadhani ndivyo ninavyovipenda.

Jumapili hiyo binti yangu alivunja kipande, kikalia, akaniuliza nani alinifundisha.

"Bibi yangu."

"Alikuwa anajua kupika?"

"Hakuwahi kuepua viazi mapema," nikasema, "hata siku moja."

Nilitamka kwa sauti, nikasikia inatoka. Binti yangu akanitazama, labda aliona nimejibu kwa nguvu mno kwa swali dogo vile, kisha akanyoosha mkono kwenye sahani, akachukua kipande kingine.