Pua ya Kaka na Dumu la Daktari wa Meno

Kaka yangu anaitwa Pua, na si kwa sababu pua yake ni kubwa, ingawa nayo haijambo. Ni fundi wa injini. Kwa miaka ishirini, mtu akileta gari linalokohoa, kaka hufungua tangi, hufumba macho, hunusa, kisha hutoa hukumu: mafuta yana maji, yamechakachuliwa, yamekaa sana. Sababu haelezi. Watu hubaki midomo wazi, nami niko kaunta nauza filta na mipira ya kupitishia mafuta, navumilia maringo yake.

Mwaka huu alipata mafua makali. Mafua yakapona, harufu hazikurudi. Niligundua siku maziwa yalipoungua jikoni kwangu hadi sufuria ikawa nyeusi, naye amekaa hatua mbili tu kutoka jikoni anasoma gazeti. Akaniomba nisimwambie mtu yeyote, hata wifi. Nikakubali, huku nikijua fika kwamba siku moja mambo yatatumbukia nyongo.

Yakatumbukia Jumanne. Mteja wetu wa siku nyingi, daktari wa meno, alikuja na kigari chake chekundu cha michezo cha viti viwili na dumu moja. Jumapili alikuwa na mashindano ya magari ya kupanda mlima. Alikuwa amesikia kwamba ethanoli huongeza nguvu, akanunua, akaambiwa ni asilimia themanini na tano, inayobaki ni petroli. Alitaka injini ipangwe upya kuifuata, ila kwanza kaka ainuse.

Fundi wa rangi na muuza matairi wakasogea kutazama mazingaombwe. Kaka akafumba macho, akavuta pumzi kwa madaha.

"Safi," akasema. "Themanini na tano kamili."

Mwongo mkubwa. Nilikasirika, kisha nikaogopa. Injini iliyopangiwa ethanoli nyingi ikipewa petroli itagonga hadi pistoni zipasuke, na jina la kaka lipasuke nazo.

Nikachukua chupa tupu ya dawa ya kikohozi ya mwanangu, ile yenye mistari kumi. Nikatia maji hadi mstari wa pili, nikajaza kwa mafuta ya dumu hadi wa kumi, nikatikisa. Ethanoli hupenda maji. Huiacha petroli juu ikashuka kujiunga nayo. Kama daktari angekuwa ameuziwa ethanoli ya kweli, maji yangepanda hadi karibu na mstari wa tisa. Yaliishia wa tatu; dumu lilikuwa karibu petroli tupu.

Nikaiweka chupa mbele ya kaka. Akaisoma mistari. Mimi ni mdogo wake, angeweza kunifukuza nirudi kaunta, na kila mtu angemwamini yeye.

"Daktari," akasema, "sisikii harufu tangu mafua yale. Nimekudanganya."

Fundi wa rangi akakumbuka ghafla kwamba ana kazi. Daktari akauliza, kwa sauti ileile anayowauliza watu kama wanapiga mswaki, iwapo hata matengenezo ya mwezi uliopita yalinuswa. Kaka akasema hapana, yale aliyafanya kwa macho na mikono.

"Basi leo nieleze kwa mdomo. Niweke ethanoli au nisiweke?"

Kaka akavuta stuli. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo. Alieleza kwamba ethanoli hupoza injini na kuvumilia mgandamizo mkubwa, ndiyo maana nguvu huongezeka. Lakini gari litakunywa karibu theluthi zaidi, litagoma asubuhi ya baridi, na mafuta yatafyonza unyevu wiki nzima linapolala bandani. Mipira ya zamani italainika, uchafu wa tangi utahamia kwenye filta. Hapo nilitabasamu, maana filta nauza mimi.

Daktari akauliza yeye angefanyaje.

"Ningebaki na petroli. Ukishindwa Jumapili, utashindwa ndani ya gari linalokurudisha nyumbani."

Daktari akacheka, akaondoka na petroli iliyokuwa tangini mwake. Dumu akatuachia. Kaka akalifungua, akainamia mdomo wake kama zamani, kisha akanisukumia.

"Nusa wewe."

Nikanusa, nikamwambia inanukia petroli.

"Najua," akasema. "Inanukiaje? Nimeikumbuka sana."

Nikafunga kaunta, nikakaa kando yake, nikaanza kumweleza.