Video ya Kaliakwanza Yatafutiwa Nyumba

Mtaa mzima ulimwita Kaliakwanza, na jina alijitakia mwenyewe. Miaka thelathini na moja ya kutengeneza makochi, na mteja akija kuchukua kochi lake haruhusiwi kulipa, wala kusifu, wala kulalamika, kabla hajalikalia. "Kalia kwanza," anasema fundi, mikono nyuma, misumari bado iko mdomoni. Ukikaa nusunusu kama mtu anayengoja kuitwa, anakuambia rudia. Kuna mwalimu mmoja alirudishwa chini mara nne, mara ya tano akapitiwa na usingizi, na fundi akakataa katakata asiamshwe mpaka saa tisa alasiri. Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa risiti.

Sasa mtu wa namna hiyo unamwelezaje habari za tovuti? Lakini ilibidi. Watu wa siku hizi kochi likilegea kidogo wanalitupa, wananunua jipya linalong'aa. Karakana ikawa kimya. Binti yake, ambaye ndiye mtoto wake wa pekee na ana kazi ya ofisini katika mji mwingine, akapiga simu Jumapili moja.

"Baba, mwezi huu umepata wateja wangapi?"

"Wapo."

"Wangapi?"

"Mmoja. Alikuwa anauliza njia."

Binti akashusha pumzi. Ndipo akatoa hukumu, tena kwa upole, na hukumu ya upole ndiyo mbaya zaidi. Angemgharamia tovuti, na kwenye tovuti kungewekwa video ya kumtangaza. Video ikitazamwa mara mia ndani ya mwezi mmoja, hatasema tena neno. Isipofika mia, baba anafunga karakana na kwenda kukaa kwake. "Chumba cha wageni kipo, baba. Nimeshatundika hata pazia."

Chumba cha wageni! Jamani. Mtoto umembeba mgongoni mwenyewe baada ya mama yake kufariki, umemshonea mkoba wa shule kwa mabaki ya kitambaa cha kochi, leo uwe mgeni wake. Neno lilimchoma fundi mpaka kwenye mfupa. Lakini alijibu tu, "Haya, mwanangu," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa na daktari avue shati.

Kazi ya tovuti akapewa dada wa fotokopi. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye duka dogo upande wa pili wa barabara, ambako alitoa nakala, alipiga picha za pasipoti, na alitengeneza tovuti kati ya mteja na mteja. Video aliipiga yeye mwenyewe kwa simu, dakika nne kamili. Fundi amesimama mbele ya kochi lililopasuliwa tumbo, springi nje, na neno lake la kwanza ni "Karibu. Karibu ndani." Ilitoka vizuri. Balaa lilianza siku ya kuiweka.

"Video ni nzito, Fundi," alisema dada. "Tovuti yako itaelemewa. Tunaitafutia mwenyeji. Video inakaa kwa mwenyeji, ila watu wanaiona kwako."

Angesema neno lingine lolote! Kaliakwanza alikuwa amepanga nyumba saba maishani mwake. Amewahi kufukuzwa na mwenye nyumba kwa kosa la kupiga nyundo, amewahi kukaa ukuta mmoja na mtu anayefuga bata chumbani. Habari za wenyeji alizijua kuliko dada huyu na mashine zake.

"Mwenyeji gani?" aliuliza. "Unamfahamu?"

"Wapo wengi. Tutachagua."

"Usichague bila mimi." Akarudi karakana, akachukua penseli ya kupimia mbao, na kesho yake akaja na karatasi yenye maswali kumi na moja.

Dada alianza na mwenyeji wa bure, yule mkubwa ambaye kila mtu ana video yake kwake.

"Bure?" Fundi alishtuka. "Chumba cha bure! Kina kasoro gani?"

"Hakina kasoro. Dunia nzima iko huko."

"Dunia nzima nyumba moja? Na choo?"

Dada akaona bora amwonyeshe kuliko kubishana. Akaiweka pale kwa majaribio, akabonyeza. Kabla fundi hajatokea kwenye kioo akatokea msichana anarukaruka juu ya kochi jekundu, anatangaza duka la makochi mapya.

"Huyu ni nani?"

"Tangazo, Fundi. Baada ya sekunde tano unaliruka."

"Mimi ndiye niruke? Mlangoni kwangu?"

Wakavumilia sekunde tano. Dakika nne za fundi zikaisha salama, na hapo hapo, bila hodi, ikaanza video nyingine yenyewe: jamaa mmoja anashindana na saa kumeza mayai ya kuchemsha. Kaliakwanza alimtazama mpaka yai la kumi na tisa. Hakupenda, lakini alidhani ndiyo adabu ya kutambulishwa.

"Ndiye jirani?"

"Leo ndiye. Kesho anaweza kuwa mwingine. Mashine ndiyo inachagua."

"Kwa hiyo mpangaji hajui atalala ukuta mmoja na nani." Akachukua penseli, akachora mstari. "Hapana. Huyo mwenyeji hana mpangilio."

Wa pili alikuwa wa kulipia: hana matangazo, hana majirani, tena ana mhudumu wa kujibu maswali kwa maandishi. Fundi akafurahi kusikia kuna mtu. Akaketi kwenye kiti cha plastiki cha dada, ambacho mguu wake mmoja ulifungwa waya na kila siku kilimtia uchungu wa kitaalamu, akaanza kusoma karatasi yake, dada akiandika.

"Muulize geti linafungwa saa ngapi."

Dada akamtazama, akaandika. Jibu likaja: *Huduma yetu ipo saa ishirini na nne.*

"Hawafungi geti," fundi alisema kwa wasiwasi. "Muulize maji."

"Fundi, siulizi maji."

"Uliza. Aibu si yako, ni yangu."

Dada akauliza. Safari hii mhudumu alikawia, na ungeweza kumhurumia huko aliko. Mwishowe akajibu: *Samahani, nadhani unamaanisha mtiririko. Mtiririko wetu ni wa kasi na haukatiki.*

"Maji yapo!" Fundi akajipiga pajani kwa furaha, kiti kikayumba. "Haukatiki, amesema! Nyumba saba nimekaa, sijawahi kuyaona maji ya hivyo."

Wakaenda hivyo hivyo, kuta, ufunguo, mwenye nyumba kama anakaa humo humo, mpaka likabaki swali la kumi na moja. Hilo hakulisoma kwa sauti ile ile. Alikunja karatasi, akaikunjua.

"Muulize hivi. Mgeni akishakaa sana, wakamchoka, wanaweza kumwambia aondoke?"

Dada hakucheka. Aliandika kama alivyoambiwa. Jibu likaja: *Video yako itabaki kwa muda wote utakaotaka. Jisikie uko kwako.*

"Hebu soma tena," alisema fundi. Akasoma. "Tena." Akasoma tena. "Basi, hapo hapo. Mwandikie asante, na asalimie nyumbani."

"Lakini nikwambie ukweli," alisema dada. "Kule kwa bure watu wanapita wenyewe. Huku hapiti mtu mpaka aje kwenye tovuti yako. Na wewe unataka mara mia."

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Methali hiyo ilitungwa kabla ya mtandao, Fundi."

Hakusikia. Video ikahamia kwa mwenyeji mtulivu siku hiyo hiyo.

Kesho yake asubuhi, kabla hajafungua hata dirisha la karakana, Kaliakwanza alitoa simu, akavua kofia, akasema "Hodi," halafu akabonyeza. "Karibu. Karibu ndani," ikajibu simu kwa sauti yake mwenyewe. Akaisikiliza dakika zote nne akiwa amesimama, kwa sababu mgeni haketi bila kuambiwa, na kwenye video hakumbuki kama alisema keti. Ilionekana iko salama. Haijakonda. Mchana akapita tena, na jioni. Usinicheke mimi, mcheke yeye, kama una moyo huo. Siku nyingine alikwenda mara nne, siku nyingine mara tano, hasa mvua ikinyesha.

Siku ya kumi na mbili binti alipiga simu huku anacheka. "Baba! Hamsini na nane! Naona hesabu hapa. Watu wanakutazama!"

"Kweli?" Fundi alipata jasho la furaha. Akaenda kuwatangazia mpaka wauza matairi: watu hamsini na nane wanajua springi zake. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyekuja na kochi, hilo hakujiuliza. Pengine walikuwa bado wanatafuta gari la kulibeba.

Siku ya ishirini na nne ikafika mia na kumi na mbili. Ushindi! Fundi akavaa shati la pasi, akavuka barabara kumshukuru dada wa fotokopi. Akamkuta ameinamia kioo, hana raha.

"Fundi, mwenyeji ametuma ripoti. Mara moja ni mimi, nilikuwa najaribu sauti. Mia na kumi na moja zote ni simu moja. Alfajiri, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, kila siku. Unamfahamu mtu huyo?"

"Saa saba?" Fundi alifikiri. "Saa saba mimi mwenyewe huwa nimekwenda ku..." Mtu akienda kwake hajihesabu mgeni, ndivyo alivyojua yeye.

"Mimi sitasema," dada alimwambia taratibu. "Binti yako anaona namba tu. Mia imefika, yamekwisha."

Kaliakwanza akarudi karakana, akaketi kwenye kochi la mteja ambaye hakurudi tangu mwaka juzi. Maneno ya dada aliyakalia kama anavyokalisha wengine: mwanzo nusunusu, kisha uzito wote. Hayakukalika. Kuna springi ilikuwa inamchoma mahali. Alijua, kusema kweli, kwamba anakwenda kuifunga karakana kwa mkono wake mwenyewe. Akapiga simu.

"Mwanangu, wale mia na kumi na mbili. Ni mimi."

"Wewe nani, baba?"

"Wote. Isipokuwa mmoja, dada wa fotokopi."

"Mara mia na kumi na moja? Ulikuwa unafanya nini huko?"

"Naijulia hali." Alisema bila ubaya, alikuwa anaizungumzia video, naapa. "Iko ugenini. Mtu wako akiwa peke yake, huendi kumtazama?"

Fundi akaitazama simu aone kama salio limekwisha. Binti alikuwa amefika karakana mara ya mwisho miaka miwili iliyopita, akiwa safarini. Alisalimia mlangoni, akaacha mfuko wa machungwa, na gari halikuzimwa.

"Jumamosi nakuja," alisema binti, akakata.

Basi, yamekwisha. Ijumaa yote Kaliakwanza alipanga vitu. Nyundo, koleo, sindano ndefu za kushonea, mkasi alioachiwa na mwalimu wake wa kazi, vyote vikaingia kwenye gunia moja, na gunia halikujaa. Miaka thelathini na moja, na gunia halikujaa! Hilo lilimuuma kuliko pazia.

Jumamosi akasikia pikapu inarudi nyuma hadi mlangoni, injini inanguruma. Amekuja na gari la kuhamisha kabisa. Fundi akaona aiage video kwanza, huko aendako hajui mtandao ukoje. Akavua kofia, akabonyeza, na kwa kuchanganyikiwa akasahau kubisha. Simu ikawa inazunguka, inatafuta.

"Hodi," ikasema sauti mlangoni.

"Karibu," simu ikajibu. "Karibu ndani."

Binti alisimama kizingitini, mkono mdomoni. Nyuma yake, juu ya pikapu, kulikuwa na kochi jekundu lililodidimia katikati, lile lile la tangazo.

"Baba..."

Fundi akainua kidole. "Ngoja. Si adabu kumkatiza mtu."

Wakasimama wote wawili wakisikiliza. Simu ikaeleza springi, ikaeleza mikanda, ikafika mwisho: "Kochi halizeeki, linachoka. Likichoka, usiliondoe mahali pake. Niite mimi."

"Hiyo niliisikia juzi," alisema binti. "Mara ya mia na kumi na tatu ni mimi. Imekaa mwezi mzima kwenye tovuti, sikuwa nimeitazama." Akaliona gunia. "Hilo la nini?"

"Si umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kukuletea kazi." Akaonyesha kochi, anaona haya. "Nililinunua mwaka jana, nikaogopa kukwambia. Limebonyea. Baba, mimi nime..."

"Kalia kwanza," alisema Kaliakwanza. Akapangusa kwa kofia yake kochi la yule mteja asiyerudi.

Binti akaketi ukingoni, mkoba mapajani, funguo mkononi.

"Rudia."

Akarudia. Safari hii aliweka mkoba chini, akaegemea, uzito wote, na machozi yakaanza kumtoka bila kuomba ruhusa. Fundi akasimama mbele yake, mikono nyuma, akingoja.

Nje, dereva akazima gari.