Siku Bibi Alipousimamisha Mchezo wa Panga

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili, tulipanga chumba pembezoni mwa jiji la Guangzhou, Uchina, katikati ya mashamba ya mboga. Mama alinunua jinzi kwenye mji jirani wa Xintang na kuzisafirisha Dar. Majirani zetu walikuwa wakulima waliohamia kutoka jimbo la Guangxi, na kila mwaka mpya wao walicheza mchezo wa panga wa kwao, wenye kisa cha vita. Watoto waliigiza maiti. Kila nilipoomba niliambiwa mimi mgeni, hadi mwaka ule waliponikubali. Nilifurahi hata chakula hakikupita.

Balaa ni kwamba Bibi alikuwa amekuja kututembelea kutoka Unguja.

Nililala kwenye mkeka jukwaani, macho nimefumba, maiti safi kabisa. Mzee Lin, mkulima wa kabichi aliyecheza jemadari, akazungusha upanga na kuniruka.

"Wewe mzee, umemruka mtoto umemwacha vivyo hivyo?" Ilikuwa sauti ya Bibi, kwa Kiswahili chake kilekile. "Hatorefuka huyo. Rudi ulikopitia."

Kwetu nani asiyejua kwamba mtoto akirukwa hudumaa, mpaka arukwe tena kwa kurudi? Lakini ilikuwa lazima ayaseme pale, mbele ya kadamnasi? Nilipofumbua jicho, Bibi alikuwa keshapanda jukwaani, kanga kaikaza kiunoni, kamkamata Mzee Lin mkono wa upanga.

"Mama, ni mchezo tu," mama alimsihi.

"Mtoto wa mtu ni mchezo?"

Ngoma zikanyamaza. Nilijua sitaitwa tena, na nilimchukia Bibi kwa moyo wangu wote.

Ndipo mama yake Mzee Lin, kikongwe wa safu ya mbele, akainuka na kumnyooshea mwanawe mkongojo. "Mtoto harukwi," alimfokea kwa lugha yao. "Nimekwambia mara ngapi? Mruke urudi."

Kumbe na kwao ni vilevile. Jemadari mzima akaniruka kurudi, kainamisha kichwa, watu wakacheka, na kikongwe akamsogezea Bibi kiti.

Mpaka leo jambo hili linanikera. Nilikuwa nimejifunza lugha yao, nikala walichokula, nikavumilia kushikwashikwa nywele, yote nisiitwe mgeni. Bibi hakujua hata kuwaambia asante. Aliwagombeza tu, wakampa kiti. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa: mimi nilihangaika wasinione mgeni, na Bibi hakuwahi hata kuwaona wao wageni.