Meko ya Enid Sugden

Siku ile hita ya gesi ilipong'olewa sebuleni, Enid Sugden alicheka peke yake kama mwari aliyechumbiwa. Miaka sabini na minane, goti moja la chuma, na leo kafunguliwa meko! Hita ile aliiweka marehemu mumewe, Wilf, akayaziba meko ya zamani, alipochoka kuzoa majivu. Ilipasha joto, sikatai. Lakini jamani, nani amewahi kukaa akaitazama hita?

Mafundi walibomoa ukuta uliozibia meko, wakasafisha dohani, wakanywa chai yao, wakaenda zao. Akabaki Lorraine, bintiye, mikono kiunoni.

"Mama, tulikubaliana. Ukishindwa kuuwasha moto mwenyewe, unahamia kile chumba kwenye makazi ya wazee kule Halifax. Bila maneno."

"Bila maneno," akasema Enid. "Sogea, unanizibia hewa."

Akasokota magazeti, akapanga vijiti, akaweka makaa ya mawe juu, akawasha kiberiti. Lo! Moshi ukakataa kupanda. Ukageuka, ukajaa sebule nzima. King'ora cha moshi kikalia, mbwa naye akadakia.

"Nilisema mimi!" Lorraine akakohoa. "Nilisema!"

"Kwa kusema hujambo. Nipe lile gazeti!"

Enid akapiga magoti, akalitandaza gazeti kuziba mdomo wa meko, akaacha upenyo chini tu ili hewa ivutwe. Dohani ikaanza kunguruma. Raha iliyoje! Ila ukurasa ule ulikuwa wa matangazo ya vifo, na Enid hapiti vifo bila kusoma.

"Ebo! Harold Crabtree kafa? Si juzi tu alikuwa ana—"

"Mama, gazeti!"

Katikati pakageuka kahawia, kisha pakawaka. Gazeti zima likafyonzwa dohanini, Harold na wenzake. Enid akaanguka kitako, uso mweusi tii, akacheka hadi machozi. Lakini alipotazama mekoni, moto ulikuwa unasinyaa, na gazeti jingine hana. Kicheko kikamkauka. Akaiogopa Halifax kwelikweli.

Lorraine akatoa gazeti lake mkobani. Akapiga magoti, akalinyoosha barabara, vidole kwenye pembe za juu, goti likibana chini. Hakuna aliyemwelekeza. Ndiyo ilikuwa kazi yake kila asubuhi kabla ya shule, enzi za utoto wake. Dohani ikanguruma tena, na mwanga mwekundu ukapenya karatasini.

"Na kile chumba?" Enid akauliza kwa sauti ndogo.

"Chumba gani, mama? Kakate mkate tuuchome. Na vipande viwe vinene!"