Mama Alivyoonja Mbele ya Makanali

Kama kuna mtu duniani amewahi kujivunia mamake kuliko nilivyojivunia wangu siku ile, ajitokeze tupimane.

Vita vya nchi jirani vilikuwa vimekwisha. Majeshi matatu yaliyopigana bega kwa bega yakatuma makanali wao Nairobi waunde ofisi moja ya kupeana habari za kijasusi, maana vitani kila jeshi lilificha zake, na askari wakafa kwa mabomu ambayo mwenzao alijua yametegwa wapi. Mimi nilikuwa mkalimani wa majaribio. Kifaransa nilikisomea darasa la jioni Eastleigh, nikitoka kiwandani na vumbi la kutosha kujenga ghorofa. Ofisi ikiundwa, naajiriwa. Isipoundwa, narudi kiwandani Mukuru kubeba magunia.

Asubuhi nzima hakuna aliyefungua faili. "Tangulia wewe." "La, mwenyeji wetu, tangulia wewe." Nilitafsiri adabu hiyo hadi ulimi ukaomba kustaafu.

Saa ya chakula akaingia mama, niliyekuwa nimemtafutia kibarua cha kutupikia, na sufuria zake kutoka nyumbani kwetu mtaa wa Umoja. Akasalimia, akafunua, akamega ugali, akachovya kwenye mboga ya mrenda, akanyofoa samaki. Akala amesimama, bila haraka yoyote.

"Huyu mama anakula chakula chetu?" kanali mgeni akaniuliza kwa Kifaransa.

Nikamnong'oneza, "Mama, unafanya nini?"

"Kwani hukulelewa, baba? Mwenyeji huonja kwanza. Mgeni atajuaje hakuna sumu?"

Nikatafsiri yote, hata lile la kulelewa. Wakacheka hadi madirisha yakatikisika. Kanali wetu pia alicheka, kisha akaivuta faili yake.

"Basi mwenyeji naonja," akasema. Akasoma habari za daraja moja ambalo jeshi letu lilijua lina bomu, likanyamaza.

Kanali aliyekaa mkabala naye akainamisha kichwa. Askari wake ndio waliokufa pale. Halafu naye akafungua yake, na wa tatu akafuata. Samaki waliliwa baridi kama barafu.

Jioni kanali wetu akauliza, "Mama, kesho utatupikia nini?"

"Kuku. Lakini huyu wangu mmemwandika kazi, ama niache kuonja?"

"Tumemwandika, mama."

Mama akanigeukia. "Haya, afisa. Beba sufuria."

Niliibeba kichwani mpaka Umoja, kama kombe la dunia.