Chungu Kimoja, Damu Mbili

"Shangazi, mbona wewe na Baba mnakula chungu kimoja, lakini sukari inampanda yeye tu?"

Nilikuwa na miaka tisa. Shangazi ni mtaalamu wa lishe hospitalini, na tunaishi naye nyumba moja. Akanijibu, "Muulize baba yako hupitia wapi akitoka kazini."

Baba, mdogo wake, ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karatasi ya lishe aliyopewa na dada yake aliibandika kwenye mlango wa karakana, akaifuata kama amri ya jeshi. Lakini kila akienda kliniki, kipimo kiko juu. Siku moja Shangazi akamwambia mbele ya foleni nzima, "Damu haidanganyi, bwana mdogo. Unakula kwa siri."

"Basi iulize hiyo damu imekula kwa nani," Baba akajibu.

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, ila kliniki hakurudi tena. Mwaka uliofuata akapata kidonda kwenye kidole cha mguu, kikapanda, mguu ukakatwa chini ya goti. Siku hizi anachomelea akiwa amekaa, na Shangazi humpakulia chakula bila kumtazama usoni.

Likizo iliyopita nilikuwa ofisini kwa Shangazi, nikichezea vyakula vya plastiki anavyofundishia. Watafiti wa chuo walikuwa wameacha dodoso kuhusu lishe ya vinasaba, yaani namna tulichorithi kwa wazazi kinavyoufanya mwili wa huyu usikitumie chakula kama wa yule. Daktari wa kliniki alijaza lake chapuchapu: "Nafahamu", "Nafahamu", mpaka chini.

"Kweli unayafahamu haya?" Shangazi akamuuliza.

"Niliyasikia kwenye semina, muda mfupi kabla ya chai. Jaza, dada, usituaibishe. Hata vipimo vyenyewe hatuna."

Shangazi akasoma swali la nne kwa sauti ya chini: umewahi kuwa na mgonjwa aliyefuata ushauri wako wote, na bado hali yake isibadilike? Kalamu ikasimama.

Jioni, Baba alikuwa amekaa mlangoni. Shangazi akavuta kiti karibu naye, kisha akanigeukia mimi.

"Uliniuliza mbona sukari inampanda yeye tu. Sijui, mwanangu. Huenda yeye alizaliwa hivi na mimi vile. Hayo sikuyasoma, wala hatuna cha kuyapimia. Ila baba yako hakuwa anakula kwa siri. Mimi ndiye niliyemwita mwongo mbele za watu, naye akaona haya kurudi."