Meza ya Tymish

Yukhym ndiye mtunza vifaa wa jumba letu la maigizo hapa Kharkiv. Ukitaka bastola ya mbao au meno ya bandia atakupa, ila na maneno yake utayabeba. Mimi, Lesia, nashona mavazi. Tumegombea kabati moja miaka mingi, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Tangu mabomu yaanze, tunaigizia chini ya ardhi. Mwaka ule tuliandaa mchezo kuhusu wanaume wawili waliofungwa enzi za Soviet kwa kosa la kupendana. Mmoja anafia gerezani, na mwenzake, akishaachiwa, anamwandalia meza ya msiba peke yake, mapazia yamefungwa: picha yenye utepe mweusi, na glasi ya horilka, pombe yetu kali, iliyofunikwa kwa kipande cha mkate. Tukakwama kwenye picha. Kwetu, kumfunga aliye hai utepe mweusi ni kumwitia kifo, na wakati wa vita nani atathubutu?

"Mzee Yukhym, weka yako," alisema Nazar, mwigizaji wetu mkuu. "Sura unayo tayari."

"Nikifa nakuja kwako kwanza, nikukute chooni."

Tulicheka, kisha sote tukamkumbuka Tymish.

Tymish alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Aliishi na Yukhym miaka na miaka, majirani wakijifanya kuamini kwamba ni binamu. Akaenda vitani, na baada ya pigano moja tukasikia hajulikani alipo. Habari zaidi hupewa ndugu, na kisheria Yukhym si chochote kwake. Mama yake Tymish hakupokea simu zake hata mara moja.

"Amekohoa tena jikoni jana," Yukhym aliniambia siku moja.

"Ulikuwa umekunywa?"

"Ningekunywa ningemwona kabisa. Nilisikia tu. Nikaamka, nikachemsha chai ya watu wawili."

Nilitaka kumtania, nikashindwa. Nilimwogopea.

Basi tukaigiza na fremu tupu. Watazamaji wakaisifu, eti ni sanaa ya kina. "Wamesoma sana hawa," alisema Yukhym. Lakini kila alipofunga ule utepe aligeuza uso pembeni. Alijua kuna sura moja tu inayoingia pale, na hakuwa tayari kuiweka.

Alasiri moja Odarka, dada yake Tymish, aliteremka ngazi akiwa na kitambaa cheusi kichwani na kitu kilichoviringishwa taulo.

"Shemeji," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Vipimo vya vinasaba vilitoka. Ni yeye. Tumemzika juzi."

"Mmemzika."

"Mama hakutaka uje. Na mimi nilinyamaza. Nimekuletea hii."

Ilikuwa picha ya Tymish akicheka, miwani ya kuchomelea imepanda kwenye paji la uso. Yukhym aliitazama.

"Mlimvisha soksi za sufu? Miguu yake inashikwa na baridi upesi."

"Jeneza halikufunguliwa, shemeji."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa bei ya viazi, akaenda kuiweka picha kwenye fremu. Utepe ulimshinda, nikamfungia mimi. Maji tuliyozoea kuyatumia badala ya pombe aliyamwaga, akatia horilka ya kweli. Jioni ile Nazar alipoifikia meza na kuiona sura, alisahau maneno yake yote. Alisimama tu pale, na ukumbi mzima ukamngoja.

Watu walipoondoka nikaanza kukusanya vyombo.

"Acha," alisema Yukhym.

"Kesho tuna vichekesho hapa."

"Najua. Meza inakaa mpaka arobaini yake. Kaburini kwake sina pa kusimama."

Mkurugenzi wetu, mtu wa kuogopa kila kitu, aliomba tu isogezwe pembeni watu wasijikwae.

Basi kesho yake tukacheza kichekesho cha harusi, na Tymish kwenye kona. Mwishoni mwanamume mwenye magongo aliisogelea ile meza, akauweka sawa mkate uliokuwa umeteleza.

"Marehemu ni wa nani?" akaniuliza.

Nikamwonyesha Yukhym, aliyekuwa akipanga viti. Akamwendea taratibu, akavua kofia, akampa mkono.

"Pole sana kwa mwenzako," alimwambia.

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemwambia hivyo. Yukhym alikalia kiti alichokibeba, akalia.